Kumwita mtoto 'kikojozi' ni kumjengea nafsi ya unyonge

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia usafi wa mwili, wa chakula na wa mazingira. Leo tutazungumzia jambo linalogusa usafi na afya kwa pamoja, lakini ambalo familia nyingi hulifanya kuwa kichekesho au sababu ya kumpiga mtoto. Jambo hilo ni kukojoa kitandani, na zaidi ya hapo, ni maneno anayoambiwa mtoto kila asubuhi shuka linapokutwa limelowa.

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, limeeleza kuwa afya si kukosa maradhi tu, bali ni mtu kuwa katika hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha yake pamoja na wenzake. Kwa maana hiyo, mtoto ambaye figo zake ni nzima na kibofu chake ni kizima, lakini anaamini moyoni mwake kuwa yeye ni mchafu na hana thamani, hawezi kuhesabiwa kuwa ana afya kamili.

Mtu hujijuaje?

Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kuwa yeye ni mwerevu au mjinga, mzuri au mbaya, msafi au mchafu. Hayo yote huyapata kwa watu. Mama anapomtazama kwa tabasamu hujua kuwa anapendwa. Anapofukuzwa kila anaposogea hujua kuwa hatakiwi. Kidogo kidogo, kutokana na maneno, macho na vitendo vya waliomzunguka, hujichorea picha ya nafsi yake. Picha hiyo ndiyo itakayomwongoza darasani, madrasa, kazini na hata katika ndoa.

Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Charles Horton Cooley, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1902. Alisema kuwa watu wanaotuzunguka ni mfano wa kioo tunachojitazama. Jambo hilo hupita katika hatua tatu. Kwanza, mtu hufikiri jinsi anavyoonekana na mwenzake. Pili, hufikiri mwenzake huyo anamhukumu vipi. Tatu, hupata hisia juu ya nafsi yake, ama fahari ama aibu. Cooley hakuyatoa haya vitabuni tu, alikuwa pia akiwachunguza watoto wake mwenyewe walivyokuwa wakikua.

Muislamu hashangai kusikia maneno haya. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (SAW) alimfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake. Kioo kizuri humwonyesha mtu doa lililo usoni ili aliondoe, wala hakimtangazi kwa wapita njia. Kioo kilichopinda humwonyesha mtu sura isiyo yake, na mtoto mdogo hana njia ya kujua kuwa kasoro iko kwenye kioo. Yeye huamini tu kwamba hivyo ndivyo alivyo.

Tofauti ya tendo na jina

Mzazi mmoja anasema, "Mwanangu, leo umekojoa kitandani, njoo tuoshe." Mwingine anasema, "Kikojozi huyo kaamka!" Wote wawili wanazungumzia shuka lile lile. Lakini wa kwanza amelitaja tendo, na tendo huisha maji yakishamwagwa. Wa pili amempa mtoto jina, na jina hubaki na mwenyewe. Atakwenda nalo kisimani, atalisikia kwa wadogo zake, litamtangulia madrasa, na wenzake watalitungia nyimbo za kumzomea.

Kuna tukio la kweli linaloonyesha nguvu ya jina la namna hii. Mwaka 1939, katika makao ya yatima ya mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, ulifanywa utafiti uliohusisha watoto 22. Watoto sita miongoni mwao walikuwa wakizungumza vizuri kama watoto wengine, lakini wakaambiwa kuwa wana kigugumizi na kwamba wajihadhari kila wanapotaka kusema. Hawakupata kigugumizi cha kweli, lakini baadhi yao walianza kuogopa kuzungumza, wakawa wakimya na wenye haya. Ulimi wao haukuwa na tatizo lolote. Kilichobadilika ni kile walichoamini juu ya nafsi zao. Habari hizo zilipofichuliwa na gazeti mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi, na mwaka 2007 jimbo hilo lilikubali kulipa dola 925,000 kumaliza kesi iliyofunguliwa na waliokuwa hai na familia za waliokwisha kufariki.

Ikiwa maneno ya wageni yalifanya hivyo, je, maneno ya baba na mama yatafanya nini?

Kwa nini mtoto anakojoa kitandani?

Wazazi wengi hudhani kuwa mtoto anakojoa kwa uvivu, kwa ukaidi au kwa kudeka. Ukweli wa kitaalamu ni tofauti. Mtoto anayekojoa usingizini hajui kuwa anakojoa. Sababu kubwa zinazojulikana ni hizi:

1. Usingizi mzito. Kibofu kinapojaa hupeleka taarifa kwenye ubongo. Kwa watoto wengine taarifa hiyo bado haina nguvu ya kuwaamsha.

2. Mkojo mwingi wa usiku. Mwili una homoni inayopunguza mkojo wakati wa kulala. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kufikia kiwango kinachotakiwa usiku.

3. Kibofu kutohimili mkojo mwingi. Kibofu cha mtoto hukua taratibu, na si watoto wote hukua kwa kasi moja.

4. Kufunga choo. Choo kigumu kikijaa tumboni hukisukuma kibofu na kukipunguzia nafasi.

5. Urithi. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo unakaribia nusu. Wakiwa wazazi wote wawili, uwezekano huo hupanda na kufikia kama robo tatu. Mwaka 1995 watafiti wa Denmark walitangaza kuwa wameona uhusiano wa tatizo hili na sehemu fulani ya vinasaba. Hivyo baba anayeshika fimbo huenda anampiga mwanawe kwa jambo alilomrithisha yeye mwenyewe!

Aidha, tatizo hili ni la kawaida mno kuliko watu wanavyodhani. Katika umri wa miaka 5, takriban watoto 15 katika kila 100 bado wanakojoa kitandani. Kila mwaka unaopita, karibu 15 katika kila 100 ya wenye tatizo hili huacha wenyewe bila dawa. Wanaobaki nalo hadi utu uzima ni wachache sana, kama mmoja katika kila 100.

Takwimu hii ya mwisho inajibu hoja inayosikika sana mitaani: "Mimi nilimchapa wangu akaacha." Ukweli ni kwamba watoto wengi huacha kwa kukua. Aliyechapwa mwaka huo akaacha, fimbo ikapewa sifa. Aliyevishwa hirizi akaacha, hirizi ikapewa sifa. Aliyetembezwa mtaani na shuka lake kichwani akaacha, fedheha ikapewa sifa. Wale waliochapwa na wakaendelea kukojoa hawatajwi katika mazungumzo hayo.

Madhara ya fedheha

Fedheha haikaushi godoro, na badala yake humwongezea mtoto mzigo. Utafiti kutoka Saudi Arabia uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto waliokuwa wakiadhibiwa kwa kukojoa kitandani walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na maisha yao yalikuwa duni zaidi kuliko wenzao wasioadhibiwa.

Mzazi anaweza kuyaona madhara haya kwa macho yake. Mtoto huanza kuficha nguo zilizolowa uvunguni, na hapo usafi wa nyumba nzima unaharibika. Hukataa kwenda kulala kwa bibi au kwa mjomba wakati wa likizo. Akipelekwa shule ya bweni, hujizuia kulala usiku kucha, asubuhi husinzia darasani, kisha mwalimu naye humpa jina jingine la "mvivu" au "mzito". Wengine huacha hata kunyoosha mkono kujibu swali wanalolijua, kwa kuwa wanaogopa macho ya wenzao. Jina lililoanzia kitandani limeshafika kwenye masomo.

Baya zaidi ni pale mtoto anapojihisi kuwa yeye mwenyewe ni najisi. Wapo wanaoacha kusimama kwenye safu msikitini au kugusa msahafu kwa kudhani kuwa hawafai. Wapo vijana na watu wazima wenye tatizo hili ambao wameiacha Swala kabisa kwa sababu hiyo.

Uislamu unasemaje?

Ndugu msomaji, dini yetu imeliweka jambo hili wazi. Kwanza, kilicho najisi ni mkojo, si mtu. Abu Huraira (RA) alipojitenga na Mtume (SAW) kwa kuwa alikuwa na janaba, Mtume (SAW) alimfahamisha kuwa muumini hawi najisi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Pili, mkojo uliotoka usingizini hauwajibishi josho la janaba. Aliyeamka amelowa ataosha mwili wake palipoguswa na mkojo, atabadili nguo, atatia udhu na ataswali. Swala yake ni sahihi kama ya mwingine yeyote.

Tatu, imepokewa kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: mtoto hadi abaleghe, aliyelala hadi aamke, na mwendawazimu hadi apate akili. Hebu mzazi atafakari hapo. Mtoto anayekojoa kitandani anaingia katika makundi mawili kwa wakati mmoja, kwani ni mtoto na tena amelala. Ikiwa Mwenyezi Mungu (SWT) hakumwandikia dhambi, sisi tunamwadhibu kwa hukumu ipi?

Nne, katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza waumini wasidharauliane, wasitiane aibu na wasiitane kwa majina ya kejeli. Hakuna mahali palipoelezwa kuwa katazo hilo halihusu watoto wetu wenyewe.

Tano, tuna mifano ya Mtume (SAW) katika suala hili hili la mkojo. Bedui mmoja alipokojoa ndani ya msikiti, Maswahaba walimjia juu. Mtume (SAW) aliwazuia, akamwacha amalize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamwelimisha kwa upole juu ya heshima ya msikiti. Hali kadhalika, Ummu Qays bint Mihsan (RA) alipompeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (SAW), mtoto yule alikojoa kwenye nguo ya Mtume. Aliagiza maji akainyunyizia, mambo yakaisha.

Tazama mpangilio wake: najisi iliondolewa kwa maji na heshima ya mtu ikabaki palepale. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunaiacha heshima ya mtoto imwagike, na godoro tunalianika mbele ya nyumba kila apitaye alione.

Mzazi afanye nini?

Upande wa maneno:

Mwambie mtoto ukweli kwa utulivu. Kwa mfano: "Mwanangu, hili si kosa lako. Mwili wako bado unajifunza kukuamsha. Watoto wengi wako hivi, na Inshaallah utaacha." Ikiwa wewe mwenyewe ulikuwa hivyo utotoni, mweleze. Kwa maneno hayo machache mtoto atajua kuwa mtu anaweza kukojoa kitandani kisha akakua, akaoa au akaolewa, na akaheshimiwa.

Wakataze ndugu zake, msaidizi wa nyumbani na majirani kumtania. Utani wa babu na bibi kwa wajukuu ni desturi yetu nzuri, lakini usiingie hapa. Mtoto wa miaka 6 hawezi kupambanua utani na hukumu.

Usimlinganishe na mdogo wake aliyekwisha acha. Watoto hawa miili yao ni tofauti, na yule aliyeacha mapema hakufanya juhudi yoyote zaidi ya mwenzake.

Msifu kwa yale anayoyaweza. Kuamka mkavu si jambo lililo mikononi mwake, hivyo zawadi ya kuamka mkavu humfanya ahisi ameshindwa siku nyingine. Msifu kwa kwenda chooni kabla ya kulala, kwa kuondoa shuka na kwa kusema ukweli. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa juhudi zao walivumilia zaidi walipokutana na ugumu kuliko waliosifiwa kwa akili zao. Mtoto aliyezoea kusikia "umejitahidi" hujiona kuwa ni mtu anayeweza kujirekebisha.

Upande wa matunzo na usafi:

1. Mtoto anywe maji ya kutosha asubuhi na mchana, kisha apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala. Asinyimwe maji kutwa nzima, kwani hilo humdhuru.

2. Jioni aepushwe na chai, kahawa na soda zinazoongeza mkojo.

3. Aende haja ndogo kabla ya kulala. Mzoesheni utaratibu mmoja: haja ndogo, udhu, dua, kulala. Kulala na udhu ni Sunna, na mtoto anayelala hivyo hujiona msafi hata kama ataamka amelowa.

4. Kama choo kiko nje na kuna giza, kuwe na taa, au awekewe ndoo ndani. Watoto wengine huogopa kutoka usiku.

5. Apewe matunda, mboga na maji ili asifunge choo.

6. Godoro lifunikwe kwa nailoni chini ya shuka. Likilowa, likaushwe mkojo kwa kitambaa, limwagiwe maji safi na lianikwe juani, uani, si barazani.

7. Mtoto mkubwa afundishwe kuloweka shuka lake na kujiosha. Lifanywe kuwa ni mazoea ya tahara, si adhabu, na asiachiwe peke yake.

8. Aoge asubuhi kabla ya kwenda shule. Harufu ya mkojo ndiyo huanzisha kejeli za wenzake, na ngozi inayobaki na mkojo hupata vipele.

9. Katika mwezi wa Ramadhani, mtoto anayejizoeza kufunga hunywa maji mengi usiku, hivyo asilaumiwe ikiwa atalowa zaidi.

Wakati wa kumwona daktari

Mpeleke mtoto hospitali ikiwa alikwisha acha kwa miezi 6 au zaidi kisha ameanza tena. Akihisi maumivu au mkojo ukiwa na damu, kwani huenda ni maambukizi au kichocho. Akiwa na kiu kubwa, anakojoa mno na anakonda, kwani hizo ni dalili za kisukari. Akilowa hata mchana. Au akikoroma sana usiku. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu hukojoa zaidi usiku kwa sababu figo zao hushindwa kuukoleza mkojo, na wao waelezwe hivyo. Vile vile, mtoto aliyeanza ghafla baada ya msiba, talaka au kufanyiwa jambo baya asikilizwe kwa makini.

Hata asipokuwa na dalili hizo, mtoto aliyevuka miaka 6 au 7 anaweza kusaidiwa. Kuna kengele maalumu inayolia mara mtoto anapoanza kulowa, nayo humzoesha kuamka baada ya wiki kadhaa. Pia kuna dawa iitwayo desmopresini, ambayo hufanya kazi ya ile homoni ya usiku. Itumike kwa maelekezo ya daktari tu, na kwa tahadhari ya maji anayokunywa mtoto usiku huo.

Ndugu msomaji, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, watoto karibu wote wanaokojoa kitandani leo wataacha. Swali ni watabaki na nini baada ya kuacha. Yuko atakayebaki na kumbukumbu ya mama aliyekuwa akimbadilishia shuka kimya kimya, akajua kuwa yeye ni mtu wa kustahiwa hata anapopatwa na udhaifu. Na yuko ambaye kitanda kitakauka, lakini kila anapoingia kwenye kundi la watu atadhani wanamcheka. Hiyo ni nyumba ile ile na shuka lile lile, ila ulimi uliotumika ni tofauti.

Basi kesho asubuhi, kabla hujalitazama shuka, mtazame kwanza mtoto usoni. Mwite kwa jina lake, lile ulilomchagulia siku ya akika yake.

Wabillahi Tawfiq.